Bakuli la Mama Katika Kabati la Kioo

Tangu nirudi sinywi kahawa kwa raha. Nikikaa tu barazani, huyu anauliza, "Ehe, Seifu, na yule Mzungu alikula kweli?" Yule anataka kujua kama niliona mioyo ya watu. Nikimaliza kumjibu, anatokea wa tatu ambaye amekwisha kusikia kwamba nilifungwa. Sikufungwa. Basi naandika mara moja, kwa maandishi haya niliyojifunza jeshini, na mwenye kusoma amsomee asiyejua. Atakayeniuliza tena baada ya hapa nitamnyamazia.

Kilichonitoa nyumbani

Siku miye na Athumani tulipochukuliwa kwenda vitani, mama zetu walipanda mtumbwi mmoja wakaenda mzimuni, kila mmoja na bakuli lake. Wa hapa Salale hawana haja ya kuelezwa, lakini karatasi hii huenda ikafika Ikwiriri kwa watu wa simsim, yaani ufuta, kwa hiyo naeleza. Kwetu mwenye nadhiri hupeleka bakuli, huliweka wazi, hutia unga wa mchele kidogo, husema haja yake. Haja ikijibiwa hurudi na mchele wa shamba lake mwenyewe, mchele ambao haukutuliwa chini njia nzima. Unapikwa, watu wote waliopo wanakula ndani ya bakuli lile lile mpaka liishe, kisha linafudikizwa, mdomo chini. Bakuli lililofudikizwa limemaliza kazi yake. Lililo wazi, mwenyewe bado anangoja.

Mama aliongeza la kwake. Alisema hatatia wali kinywani mpaka bakuli lifudikizwe.

Miye nilirudi. Athumani hakurudi. Tulikuwa tunavuka mto huko Bama, mbele ya Bara Hindi, maji yamejaa, na tulipohesabiwa ng'ambo akawa hayumo. Hakuna aliyemwona amekufa wala aliyemwona mzima. Mama yake, Bi Mwanahawa, aliletewa barua ya serikali akaikunja akaitia chini ya mkeka. "Karatasi si mtu," alisema, akaendelea kutwanga. Tangu hapo nikimwona anakuja huku, miye napita kule. Ni aibu, nasema kweli. Tuliondoka wawili.

Tulipokwenda mzimuni na mchele, mabakuli hayapo, yote mawili. Mzungu mmoja aliyekuja kupima mikoko aliyapenda akayachukua. Mlinzi wa mzimu alipoulizwa kama yanachukulika alijibu, "Ndiyo, bwana," kama alivyojibu kila alichoulizwa siku ile. Nilitaka kumtukana, nikakumbuka kwamba jeshini hata miye nilisema neno hilo kutwa mara mia.

Mwalimu wa chuoni akamshauri mama, "Bi Zuhura, pika sadaka yako msikitini, watu wale. Mwenyezi Mungu amekwisha kuona nia yako."

Mama akamjibu, "Mwalimu, miye sikuuahidi msikiti. Niliahidi bakuli."

Mwalimu akaondoka huku anasema astaghafirullah. Mama akaendelea na muhogo na ugali wa mtama, mwaka mzima nimekwisha rudi, mpaka mikono ikawa vijiti na akaanza kulala mchana, yeye ambaye sijapata kumwona amelala jua likiwa juu. Wali unapikwa, miye nala, yeye ananitazama tu. Hebu jaribu kula wali namna hiyo uone kama unapita kooni.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa boriti akarudi kutoka Dar es Salaam na habari. Kuna nyumba ya makumbusho, alisema, na ndani ya kabati la kioo ameona mabakuli mawili ya maua mekundu, yameandikwa Rufiji, na moja lina pengo mdomoni. Pengo hilo ni langu. Nililigonga kwenye kinu nikiwa mtoto na nikapigwa.

Mama alitwanga vibaba viwili vya mpunga wa shamba lake kwa mikono yake hiyo hiyo, akatia katika kikapu cha ukindu chenye mkanda. "Usikitue chini," alinionya, "hata ukipatwa na nini." Pwani, nikiwa mguu mmoja ndani ya mtumbwi, nikamwona Bi Mwanahawa amesimama topeni. Safari hii sikuwa na pa kupita.

"Ukiliona la mwanangu," aliniambia, "usiliguse."

Akageuka akaenda zake.

Salale hadi bara: kutwa topeni

Mtumbwi ulikuwa wa Mfaume, ambaye ulimi wake ni mrefu kuliko upondo wake wa kusukumia. Tuliondoka alfajiri ili tuwahi maji. Tungeyawahi, lakini kila tulipopita wakata mikoko Mfaume alisimama kutoa salamu, na salamu zake mnazijua, mpaka aulize habari ya mbuzi. Kufika kijito cha tatu maji yamekupwa, mtumbwi ukakaa juu ya tope, na sisi ndani yake.

"Bamvua hii, maji hukupwa mno," alisema, kana kwamba bamvua ndiyo iliyokuwa ikipiga gumzo. "Tungoje yajae."

Tukangoja kutoka asubuhi mpaka alasiri, mbu wa mchana wakitula. Kikapu kilikuwa shingoni na mkanda unanikata. Mfaume akaniambia nikiweke tu chini, mtumbwi si ardhi.

"Na hili tope lililo ndani ya mtumbwi wako je?"

Akatazama miguuni pake. Tope kweli lilikuwa la kutosha kupanda mpunga. Mwishowe tulichimbia upondo kando ya mtumbwi tukakitundika juu, na wakata mikoko waliokuwa wakirudi na boriti zao wakauliza kama tunatweka bendera. Walitupa kamba waliochemshwa kwa maji ya chumvi na kipande cha muhogo baridi. Nilikuwa na njaa, nikala mpaka maganda. Maji yaliporudi tukaondoka, na Mfaume hakumsalimu mtu tena.

Kwa miguu, Dimani hadi Kibiti

Kufika Dimani niliomba maji nyumba ya kwanza. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo aliyekuwa akianika mbaazi, akanyoosha mikono anipokee mzigo kama mtu yeyote mwenye adabu. Nikarudi nyuma.

"Ala! Kwani mikono yangu ina ukoma?"

Nikamwomba radhi, nikaeleza. Alinisikiliza, na uso ukalegea. Akakipokea kikapu kwa mikono miwili, akakitundika kwenye boriti ya paa, akawakataza watoto wasikikaribie. Nikaandaliwa mbaazi za nazi na muhogo, na miye sikukataa.

"Sasa nieleze vizuri, mwanangu," alisema. "Huo mzimu wenu umehamia Dar es Salaam?"

"Haukuhamia, mama. Mabakuli ndiyo yaliyochukuliwa."

"Na mabakuli yako wapi?"

"Dar es Salaam."

"Basi si umehamia!"

Nikaendelea kutafuna mbaazi zangu. Sijui habari ilitembea kwa miguu ya nani, lakini nilipoingia Kibiti kesho yake muuza tangawizi aliniuliza kama ni miye niendaye kwenye mzimu wa Wazungu, na kama ni kweli unatibu mgongo.

Kibiti nilikaa siku mbili. Lori lilikuwepo, dereva alikuwepo, lakini simsim ya kujaza lori haikuwepo, na dereva hakuwa na haraka ya mtu. Nilifikia kwa mtu niliyekuwa naye jeshini. Mkewe alipika wali wa mgeni, nami nikala. Halafu nikamwona mama ananitazama kutoka ng'ambo ya mto, nikaacha nusu sahani, nikasema nimeshiba. Mke wa rafiki yangu hakupendezwa.

Lori la simsim

Tulikaa juu ya magunia. Jirani yangu alikuwa Bi Siwatu, mwanamke mzee aliyekuwa akimpelekea mkwewe jogoo mwekundu. Alinieleza ubaya wa mkwe huyo tangu Kibiti mpaka tulipokwama, na tulikwama mapema. Bonde lile lina udongo mweusi, na mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Dereva akazima injini, akashuka, akayatazama magurudumu yake, akasema neno moja la Kihindi ambalo sitaliandika.

"Wanaume wote chini! Sukumeni!"

Sasa kikapu nani atakishika? Nikampa Bi Siwatu, kwa kuwa yeye ni mzee wa kutosukuma. Nikamweleza sharti mara mbili. "Nimesikia, baba, mimi si kiziwi," alinijibu. Tukakata matawi, tukasukuma, lori likanguruma likarudi nyuma, tukasukuma tena, matope mpaka masikioni. Jua lilikuwa limepinda lilipotoka. Nikapanda juu kuchukua kikapu changu, nikamkuta jogoo ametia kichwa chote ndani, anadonoa kana kwamba amealikwa.

Lo! Mnajua hasira zangu. Nilimshika shingo. Nilikuwa tayari kumchinja pale pale, na kama si Bi Siwatu kunishika mkono ningemchinja.

"Kikapu kimegusa chini?" aliniuliza.

"Hakikugusa."

"Mama yako alisema nani wale?"

"Waliopo."

"Na jogoo wangu alikuwepo. Tena kala kidogo, kaacha kwingi, si kama mkwe wangu."

Magunia yote yakacheka. Nikamwachia jogoo wake. Njia iliyobaki Bi Siwatu alikipakata kikapu mwenyewe, amekifunika kwa kanga yake, na jogoo akafungwa mbali nyuma. Tulipoagana Dar es Salaam alinishika kichwa akaniombea dua. Nilijuta kumkaba jogoo wake.

Nyumba ya makumbusho

Mlangoni nilivua viatu. Mlinzi, mzee mwenye kofia nyekundu na vifungo vya shaba, akaniambia, "Vaa viatu, bwana. Hapa si msikitini."

"Ndani mna nadhiri. Sivai."

Akanitazama miguu, akakitazama kikapu. "Wewe mtu wa wapi?"

"Salale."

"Umekuja kwa yale mabakuli," alisema kwa sauti ya chini.

Kumbe naye ni mtu wa kwetu, Mzee Kibwana, mzaliwa wa upande wa Kibiti. Aliniambia tangu yale mabakuli yaletwe hajapata kupita kabatini bila kusema hodi. Nilipomwamkia shikamoo sawasawa, aliitika marahaba akanishika mkono, tukaingia.

Sasa nakuja kwenye mioyo, kwa kuwa najua wengi wenu mnasoma kwa ajili hiyo tu. Chumba kizima kilikuwa kimepangwa sadaka za mataifa, na sehemu kubwa ilikuwa ya watu wa kale wa nchi ya Meksiko, waitwao Wameksika. Palikuwa na picha za mji wao, uliojengwa katikati ya ziwa, watu wakiingia na kutoka kwa mitumbwi, na mashamba yao ya mahindi yamezungukwa na maji. Nikaona hawa ni watu ninaowaelewa. Chini ya hekalu lao walizika masanduku ya mawe, na ndani yake makombe ya bahari, shanga za jiwe la kijani, visu vya jiwe, na ubani. Ubani, jamani! Ng'ambo ya bahari yote hiyo, na wao walichoma ubani. Nikasoma kila kikaratasi kilichoandikwa kwa Kiswahili, na Mzee Kibwana akawa ananivuta mkono tusikaribie kitu kimoja, bakuli kubwa mno la jiwe, lililo wazi.

"Hilo walitia nini?"

"Mioyo," alijibu. "Ya watu. Watu waliotekwa vitani. Memsahebu, bibi wa Kizungu wa hapa, anasema si lenyewe, ni mfano tu wa chokaa. Mimi naona bakuli ni bakuli."

Nilikumbatia mchele wangu nikasogea mbali. Nimekuwa askari miaka mingi na sikupenda kufikiri nani alitekwa na nani alikuwa akimngoja kwao.

Ukutani upande wa pili ndipo yalipokuwa. Mawili, bega kwa bega, maua mekundu, wazi yote. Nililiona pengo langu. Nikasema hodi.

Mzee Kibwana akamwita memsahebu asimamiaye vitu vile, mwanamke mrefu mwenye miwani. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha kitabuni, kila neno limesimama peke yake. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, hilo namshukuru. Kisha akasema, "Ninasikitika sana. Vitu hivi havitumiki tena. Lakini ninaweza kupiga picha, umpelekee mama yako."

"Memsahebu, mama yangu hali picha."

"Anakula nini?"

"Muhogo. Tangu nilipokwenda vitani. Ataendelea kula muhogo mpaka bakuli hili lifudikizwe, naye hana siku nyingi za kula muhogo."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniuliza kama anaweza kuandika kila kitakachofanyika. Nikamwambia aandike mpaka wino uishe. Akatoa funguo kiunoni.

Mchele ulipikwa uani kwa Mzee Kibwana, na mkewe aliliosha bakuli la mama kama anaosha mtoto. Tulikaa mkekani watu wanne: miye, Mzee Kibwana, mfagiaji wa makumbusho, na memsahebu na daftari lake. Mke wa mzee alikuwa amefunga, siku za kulipa za Ramadhani, kwa hiyo alikaa mbali ili asihesabiwe kuwa yupo. Memsahebu akasema yeye ataangalia tu.

"Aliyepo anakula," nilimwambia. "Ukitaka kutokula, ondoka. Lakini ukiondoka hutaandika."

Akacheka, akaweka daftari, akanyoosha mkono wa kushoto. Mzee Kibwana akakohoa kwa adabu. Akabadilisha mkono. Mwanzo wali uliomwanguka magotini ulizidi ulioingia kinywani, kisha akazoea, akala na sisi mpaka punje ya mwisho, tena punje ya mwisho aliiokota yeye.

Tukarudi kabatini. Nikashika bakuli la mama kwa mikono miwili, nikasema, "Mama, miye hapa, nimerudi," nikalifudikiza. Nililia, na mfagiaji akashughulika na ufagio wake.

Ndipo memsahebu, kwa wema mtupu, kwa kutaka yafanane, akanyoosha mkono akalifudikiza na la pili.

"Simama!"

Ilikuwa sauti ya jeshini. Mzee Kibwana alikakamaa kana kwamba yuko gwaride, watazamaji waligeuka wote, na hapo ndipo palipozaliwa hadithi ya kwamba nilifungwa.

"Hilo sivyo, memsahebu," nilisema. "Hilo la mtu mwingine. Lirudishe. Miye nimekatazwa kuligusa."

"Na huyo, alikuwa nani?"

"Athumani. Tulikwenda pamoja."

"Amekufa?"

Swali hilo nimeulizwa na wengi tangu nirudi kutoka vitani, na wote niliwajibu ndiyo, nikataka waache kuuliza. Nikafungua kinywa niseme ndiyo, bwana.

"Mama yake bado anangoja," nikasema.

Akalichukua taratibu, akaligeuza, likakaa wazi kama lilivyokuwa. Akafunga kabati. Kisha alichomoa kile kikaratasi kilichoandikwa Rufiji akasema lazima akiandike upya, na mara mbili akaniuliza jina la Athumani lisomeke vipi.

Kurudi

Kurudi hakuna hadithi. Mtu asiye na kikapu shingoni hafuatwi na mikasa. Lori halikukwama, na Dimani nilisimama kumwambia mwenye mbaazi kwamba mzimu wa Dar es Salaam hautibu mgongo. Nilimwona haniamini.

Nyumbani nilimkuta mama ameketi kitandani, na Bi Mwanahawa kando yake. Hawakuniuliza njia. Mama aliuliza neno moja, "Limefudikizwa?" Nikasema, "Limefudikizwa." Dada yangu akaleta wali na samaki wa nazi, sahani ikawekwa mbele yake. Mama akanawa, akafinya tonge, akalishika mkononi bila kulipeleka kinywani. Alikuwa anamtazama shoga yake.

Bi Mwanahawa alikuwa anatazama mkeka. "Na langu?" aliuliza. "Limekaaje?"

"Liko wazi, mama. Sikuligusa. Mzungu alilifudikiza kwa kutojua, nikamwambia alirudishe, nikamwambia mwenyewe bado anangoja."

Mama bado alikuwa na tonge lake hewani. Kisha Bi Mwanahawa akamgusa goti. "Kula, shoga, wali unapoa."

Mama akala. Alitafuna muda mrefu, amefumba macho, kisha akafinya lingine, na lingine. Bi Mwanahawa akanyanyuka, akajifunga kanga, na mlangoni akasimama mbele yangu.

"Paa langu la nyuma linavuja tangu masika," aliniambia. "Hiyo ilikuwa kazi ya Athumani."

Kesho yake asubuhi nilikwenda na makuti.